Dakika Nne za Kwanza

Vipau viwili vya kupimia sauti vilikuwa vimepanda hadi ukingoni mwa kioo cha kamera na kubaki huko, vyekundu, na mtu aliyesimama nyuma yangu alitaka vibaki hivyo hivyo. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba yupo. Bega lake lilikuwa linaonekana kwenye pembe ya kioo, dogo, jeusi, limetulia. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alikaa kwenye kiti cha mbao akisimulia jinsi watu tisa walivyokufa, na ndani ya hedifoni sauti yake ilikuwa inapasuka kama mabati yanayoburutwa juu ya zege. Katika kila maneno matatu nililing'amua moja. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kigurudumu cha kupunguza sauti inayoingia. Kilikuwa kimeganda.

Miaka kumi na minne imepita. Watu wakiniuliza siku ile ilikuwaje, huwa nawaambia habari za moto na za tume, kwa sababu ndizo wanazozitaka. Kidole siwatajii.

Wakati huo nilikuwa mpiga picha za video katika studio ndogo ya ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kazi zetu zilikuwa harusi, mahafali na mazishi, na tajiri wangu alikuwa akisema hakuna tofauti kati ya hizo tatu ila rangi ya maua. Kwa hiyo karani wa tume ya uchunguzi alipopiga simu kuuliza kama tunaweza kurekodi ushahidi wa mtu mmoja nyumbani kwake, tajiri alikubali kabla hajamaliza kusikiliza, kisha akanikabidhi mimi.

Kila mtu alizijua habari za moto ule. Kiwanda cha magodoro kilikuwa na chumba cha ndani cha kukatia sponji, na mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa nje saa za kazi ili watu wasitoke na vipande. Siku gundi ilipowaka walikuwamo watu kumi. Alitoka mmoja, akipitia kidirisha cha kupitishia mabaki. Huyo ndiye niliyetumwa kwake. Alikuwa mnyapara wa chumba kile, na wenzake walimwita Mama Tarumbeta, kwani miaka ishirini na mbili ya kukaa kando ya mashine ilikuwa imemla masikio, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alisema kila kitu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Sasa moshi ulikuwa umemla na mapafu. Madaktari walimwambia karani kwamba kikao cha tume kingemkuta marehemu. Ndiyo maana ikatafutwa kamera.

Siku mbili kabla ya kwenda huko, asubuhi, nikiwa peke yangu studio napanga nyaya, aliingia mwanamume mmoja nadhifu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Nilimkumbuka mara moja. Alikuwa msimamizi mkuu wa kiwanda hicho. Wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti hata alipokuwa anafukuza mtu. Lakini mimi sikumjua kwa kiwanda. Nilimjua kwa harusi.

Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimepiga video ya harusi ya binti yake. Baba wa msimamizi huyo, mzee wa miaka themanini na kitu, alisimama kutoa wosia kwa bibi harusi. Nilikuwa nimepima sauti kwa shangazi mmoja aliyekuwa ananong'ona, nikapandisha kiwango ili asikike, halafu nikakurupuka kwenda kupiga picha za keki na kusahau kukishusha. Mzee alishika maiki, akaibandika mdomoni, akanguruma. Dakika kumi na moja. Alifariki mwezi uliofuata, na wosia ule katika video ulikuwa mkwaruzo mtupu.

Hapo nieleze jambo moja, maana hadithi yote imesimama juu yake. Sauti iliyoingia kwenye kamera ikiwa ndogo, unaweza baadaye kuinyanyua. Itakuja na mvumo wa hapa na pale, lakini itakuja. Iliyoingia ikiwa kubwa kupita kiasi hukatwa kichwa. Kamera haina pa kukiweka kile kilichozidi, basi inakitupa. Ukiipunguza baadaye unapata mkwaruzo mdogo badala ya mkwaruzo mkubwa. Ubao uliokatwa mfupi haurefushwi.

Bwana Taratibu alilijua hilo vizuri kuliko wateja wangu wote. Alikaa, akauliza habari za kazi, akaisifu studio. Kisha akaniambia kwamba video ya baba yake alikuwa ameipeleka kwa mafundi watatu, mmoja wao nje ya nchi.

"Wote waliniambia neno moja," alisema. "Sauti iliyoungua hairudi."

Nikamwomba radhi tena, kama nilivyomwomba mara nyingi. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemwelewa vibaya.

"Sikuja kwa lawama, bibie. Nimekuja kukuomba. Huyu mama mfanyie kama ulivyomfanyia baba yangu."

Alisema hatakuwepo mtu wa kunilaumu. Mwanamke yule anapiga kelele, vifaa vyangu ni vya harusi, bahati mbaya hutokea, na kwangu ilishawahi kutokea, watu wanajua. Yeye atakuwepo chumbani, kwa kuwa kiwanda kina haki ya kuleta mwakilishi, na atasimama mahali anapoviona vipau. Halafu akauliza, kwa upole uleule, kama dada yangu bado anashona mifuko ya magodoro pale kiwandani, karibu na dirisha. Alisema dada ni mchapakazi. Alisema chumba cha ndani kimeshapakwa rangi upya na kinahitaji watu, na kwamba kitasa ni kilekile.

Alipoondoka nilikaa chini, sakafuni, katikati ya nyaya.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi tisa, na tangu hapo tuliishi nyumba moja, tukigombania sabuni na kioo kama watoto. Sikumwambia. Nilijua angesema nini, na sikutaka aliseme, kwa sababu akishalisema ningelazimika kulifuata. Kwa siku mbili nilimtazama akipiga pasi sare yake, akitafuta viatu, akinicheka kwamba nimeanza kula kama kifaranga. Nikajisemea moyoni kwamba watu tisa wameshakufa na hawatafufuliwa na video, na mmoja niliye naye yu hai. Ukiwa na hofu, akili inakuwa wakili hodari.

Nyumba ya Mama Tarumbeta ilikuwa na sebule moja yenye madirisha mawili, jokofu kwenye kona na saa ya ukutani. Nilifanya kazi zangu kama kawaida, mikono inajua hata kichwa kikikataa. Nilizima jokofu kwa sababu ya mngurumo wake. Nilitundua saa, nikaifunga kwenye taulo, nikaiweka chumbani chini ya mto. Nikambania mama maiki ndogo kwenye ukosi wa gauni. Karani wa tume, kijana mwenye miwani na mafua, alikaa kando na karatasi zake. Bwana Taratibu alimsalimia mwenye nyumba kwa kuinama, akampa pole, akaja kusimama nyuma yangu.

Nilimwomba mama aseme chochote ili nipime. Karani akamwandikia ombi langu kwenye karatasi, mama akalisoma, akasema kwa sauti iliyomfanya yule karani asogeze kiti nyuma, "Majirani wanasema nikimsalimia wa kwanza anaitika wa nne."

Tulicheka wote, hata yule aliyekuwa nyuma yangu. Kigurudumu kina namba kutoka sifuri hadi kumi. Kwa sauti ile, mahali pake palikuwa tatu, na kwa usalama mbili na nusu. Nilikipeleka pale tatu, vipau vikatulia kwenye kijani na kugusa njano kidogo, vizuri kabisa. Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu, kikohozi kidogo cha adabu. Nikakizungusha hadi nane. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Hakuanza na mlango, kama karani alivyomwandikia aanze. Alianza na msichana wa mashine ya karibu na mlango, mdogo kuliko wote, aliyeingia kazini miezi mitano tu kabla ya moto. Alisema moshi uliposhuka walilala chini ya meza, yeye na yule msichana, wamekumbatiana. Msichana alijua mnyapara wake hasikii, kwa hiyo alimbandika mdomo sikioni kabisa. Akaimba. Si wimbo wenye maneno. Ni kitu alichokuwa akiimbiwa na mama yake alipokuwa anaogeshwa utotoni. Na hapo Mama Tarumbeta akafumba macho, akaanza kuimba mwenyewe, kama alivyoimbiwa sikioni, ili tuusikie.

Sikuusikia. Nilisikia mabati. Na kwa kuwa hedifoni zilikuwa zimenifunika masikio yote mawili, hata ile sauti halisi ya chumbani ilinifikia ikiwa chini ya mkwaruzo, kama mtu anayeimba chini ya paa wakati wa mvua ya mawe. Niliona midomo ikienda. Niliona karani amevua miwani. Vipau vilikuwa vyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na bega kwenye pembe ya kioo halikutikisika.

Alipomaliza alikohoa kwa muda mrefu, akajifuta. Halafu akanitazama mimi. Hakumtazama karani wala kamera.

"Mwanangu," akasema, "sauti yangu inaingia vizuri? Maana mimi sijisikii."

Nimeulizwa maswali mengi maishani, mengine na watu wenye vyeo. Hakuna lililonitisha kama lile. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu anavyouliza kama kola yake imekaa sawa, na alikuwa tayari kuamini jibu lolote. Hakuwa na namna ya kulihakiki. Masikio yake siku ile yalikuwa mimi.

Mawazoni nilimwona dada amebeba mkoba wake. Nikaona kitasa. Niliegemea stendi ya kamera, na picha ya sehemu hiyo inaonyesha chumba kizima kikitikisika.

Nikamtikisia kichwa. Hapana.

Kisha nikasema pia, ingawa hasikii, kwa kuwa yupo mwingine aliyetakiwa kusikia. "Haiingii vizuri, mama. Kosa ni langu. Tuanze upya."

Nikakizungusha kigurudumu. Nane, saba, sita. Kilikuwa laini, kazi ya kidole kimoja, mtoto angeweza. Tano, nne. Nilikuwa nangoja mkono uniguse begani. Tatu. Vipau vikashuka kwenye kijani. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia tu viatu vikirudi nyuma hatua moja, halafu sauti ndogo ya vidole vikiandika kwenye simu.

Karani alimwandikia mama kwamba dakika nne za kwanza zimeharibika, je, anaweza kurudia. Mama akaisoma ile karatasi, akamrudishia.

"Ya mlango nitasema," alisema. "Ya yule mtoto imeshatoka. Haitoki mara mbili."

Basi akasema ya mlango, na kila silabi iliingia safi kama imechongwa. Alisema jinsi walivyogonga. Kwamba mtu alikuja upande wa pili, na yeye hakuweza kusikia anachosema, ila msichana aliweka sikio kwenye mbao na kumtafsiria kwa midomo: Anasema tusubiri, anahesabu kwanza marobota yaliyo nje. Wakasubiri. Walipogonga tena msichana akasema: Ni Bwana Taratibu, anasema ufunguo uko kwenye droo yake, twendeni taratibu. Mama Tarumbeta alilitamka jina hilo akimtazama mwenye jina usoni, juu ya kichwa changu, wala hakulipandisha zaidi ya mengine. Nilikuwa na kidole kwenye kigurudumu muda wote. Hakikuhitajika tena.

Nilimweleza dada jioni hiyohiyo, jikoni, nikiwa nimempa mgongo. Nilimweleza yote, pamoja na ile nane.

"Ulikuwa unataka niishi na hilo bila kuniuliza," alisema. Kwa wiki nzima alinijibu kwa mkato.

Asubuhi iliyofuata alihamishiwa chumba cha ndani. Nilimsihi asiende. Akaniambia kwamba asipoenda yeye atapelekwa mwingine ambaye hajui kitasa kinafungwaje, akachukua nyundo ya baba chini ya sinki, akaifunga kwenye kanga, akaiweka mkobani chini ya chakula chake. Alikwenda nayo siku kumi na saba. Katika siku hizo kumi na saba nilijifunza kwamba hofu ina saa za kazi. Ilianza saa moja na nusu alipotoka, ikakaa nami studio, ikanifanya nisimame dirishani kila gari la zimamoto lilipopita, hata yale yaliyokuwa yanakwenda kuoshwa. Saa kumi na moja na robo nilisikia ufunguo wake mlangoni, nikajifanya nasoma gazeti. Dada alijua sisomi. Mara moja gazeti lilikuwa kichwa chini, na akaligeuza, akapita.

Mama Tarumbeta alifariki siku ya kumi na mbili.

Siku ya kumi na nane tume ilikaa. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mwenyekiti, mwanamke mwenye mvi na kalamu mbili, aliagiza video ichezwe yote bila kukatwa, na kwa hiyo kwanza ukumbi mzima ulisikiliza zile dakika nne. Watu waliziba masikio. Halafu sauti ikasafika ghafla, na Mama Tarumbeta akaujaza ukumbi ule kana kwamba ameingia kwa miguu yake, na hakuna aliyekohoa hadi mwisho.

Mwenyekiti akaniita. Akauliza kwa nini mwanzo hausikiki. Je, ilikuwa bahati mbaya? Alinipa mlango kabisa, uliofunguliwa wazi. Bwana Taratibu alikuwa safu ya mbele, mikono magotini, ananitazama bila chuki. Nadhani hata yeye alitarajia niseme ndiyo.

"Nilipandisha kwa makusudi," nikasema. "Niliombwa, na niliogopa."

Wakaniuliza niliombwa na nani, nikamwonyesha.

Makufuli yote ya kiwanda yaling'olewa wiki hiyo. Kesi ya Bwana Taratibu ilichukua miaka mitatu, akafungwa. Mimi studio waliniachisha. Tajiri alisema hakuna bibi harusi atakayemwajiri mtu aliyekiri mbele ya magazeti kwamba aliharibu sauti makusudi, na sikuweza kumbishia. Sasa nafundisha kazi hii. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba wiki tatu za mwanzo nawafundisha kushusha tu.

Lakini palikuwa na mtu mmoja pale ukumbini ambaye wakati wa zile dakika nne hakuziba masikio. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, mama mwembamba mwenye mtandio wa kijivu, ameinamisha shingo mbele kama mtu anayetafuta kitu gizani. Karani aliniambia ni nani. Ni mama wa yule msichana wa mashine ya mlangoni.

Ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri. Niliandika kila nilichokumbuka, nikamwuliza karani anachokumbuka yeye, nikaunganisha. Zilitoka karatasi mbili, pande zote. Meza, moshi, kukumbatiana, mdomo sikioni. Nilimpelekea nyumbani kwake siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Alinikaribisha vizuri. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, na alipofika palipoandikwa kwamba binti yake aliimba alinyanyua uso.

"Aliimba upi?" akauliza. "Nilikuwa nao mitatu."

Nilikuwa nimejaribu kuukumbuka njia nzima, na kabla ya hapo nimejaribu usiku na mchana, na karani naye hana sikio la nyimbo, alikumbuka tu kwamba ulikuwa mfupi. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwa nini sijui, kwa maneno yaleyale niliyoyasema kwa tume.

Akaanza kuimba mmoja, kwa sauti ya chini sana, akinitazama kuona kama huu ndio. Nikamwambia sina hakika. Akaimba wa pili. Akaimba wa tatu. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, na kila mmoja ungeweza kuwa ndio.

Akazikunja karatasi mara mbili, akaziweka chini ya kitambaa cha meza, akakinyoosha. Kisha akaniuliza kama nimekula.